Nilitia Sahihi Mwanangu Atengwe

Nina miaka thelathini na tisa, ni mkimbizi kutoka Burundi, na nashona nguo katika jengo moja la zamani katikati ya Johannesburg. Wasomaji wenzangu, nihukumuni, lakini nisikilizeni kwanza mpaka mwisho...

Binti yangu Ornella alizaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, ila akijibu, anajibu kwa Kiingereza. Alipopata nafasi katika shule ya serikali upande wa mtaa wa Observatory, shule ambayo zamani ilikuwa ya wazungu watupu, nililia kwa furaha. Sketi ya sare nilimshonea kwa mikono yangu!

Alipoingia darasa la nne, niliitwa kwenye mkutano wa wazazi. Siku hiyo ndipo macho yangu yalipofunguka. Darasa la nne lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha watoto wa kizungu na Wahindi wawili watatu. Cha nyuma, karibu na vyoo, watoto weusi watupu! Tuliambiwa wa nyuma ni wale wasiojua Kiingereza. Wasiojua Kiingereza? Ornella wangu, ambaye hata usingizini anaweweseka kwa Kiingereza?

Aliyekataa kunyamaza ni Mama Neema, msusi kutoka Bukavu, rafiki yangu wa kanisani. Neema wake aliketi dawati moja na Ornella. Mama Neema alizunguka mlango kwa mlango, kwa Wazulu, kwa Wazimbabwe, kwetu sisi wakimbizi, mpaka malalamiko yakaandikwa na ofisi ya elimu ikakubali kutuma watu waje kutusikiliza. Nikachaguliwa mimi nisimame kusema, maana Ornella alikuwa akishika nafasi ya kwanza kwa alama katika chumba kile cha nyuma.

Siku tatu kabla ya kikao, mwalimu mkuu aliniita peke yangu. Akanipa chai. Akasema Ornella ana akili, anaweza kuhamia chumba cha mbele Jumatatu ijayo. Kisha, kwa sauti ya upole, akasema ameona karatasi yangu ya ukimbizi inakaribia kuisha, na mgeni mwenye busara hajitafutii kelele... Akanisogezea barua. Ilisema kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyeomba mwanangu awekwe chumba cha nyuma kwa sababu ya lugha.

Niliisoma yote. Sitasema nilidanganywa. Nilijua ni uongo, nikatia sahihi!

Mama Neema sikumwambia kitu. Siku ya kikao barua ikasomwa mbele ya wazazi wote. Akanigeukia.

"Mama Ornella, hii barua ni ya kwako kweli?"

Nikainamisha kichwa.

"Sema basi, dada! Sema walikulazimisha!"

Niliona polisi, niliona mpaka, nilimwona Ornella kwenye dawati la mbele... Nikasema, "Sahihi ni yangu."

Wale watu wa ofisi ya elimu wakafunga mafaili yao. Kama wazazi ndio wanaoomba, walisema, ubaguzi uko wapi?

Ornella alihamia chumba cha mbele, akawa mweusi peke yake. Hakuna aliyemwita kucheza. Wenzake wa zamani nao wakamkimbia. Muhula ulipoisha, nikaambiwa ameshindwa kwenda sawa na wengine, anarudishwa nyuma. Nilipiga kelele, nikasema Kiingereza anakijua! Mwalimu mkuu akanionyesha barua yangu...

Nilikimbilia saluni kwa Mama Neema. Alikuwa amekwisha kumwondoa Neema katika shule ile. Mtoto sasa anapanda taksi mbili, vile vibasi vya abiria vya huku, kila asubuhi kwenda shule ya mbali. Mama Neema hakuacha kusuka.

"Eish, dada, nilikusamehe zamani," alisema. "Lakini ile barua, msamaha wangu hauwezi kuifuta."

Siku hizi wazazi wengine wameanza upya kukusanya malalamiko. Wamepita kila mlango wa jengo letu. Wangu wameuruka. Ningewalaumu vipi?

Ndugu zangu mlio ugenini, mkiitwa peke yenu, mkamiminiwa chai, mkaahidiwa kufunguliwa mlango kwa mtoto wenu mmoja tu, simameni mtoke! Mimi nilibaki nimekaa. Kila asubuhi namfikisha Ornella getini, naye anazunguka jengo la shule taratibu kwenda chumba cha nyuma, bila kugeuka kuniaga.