Kidoti cha Shavu la Kushoto

Haya yalimpata rafiki yangu Johari, kule Ilongero, mwaka ule gari la sinema lilipopita vijijini. Shuka la picha lilitundikwa uwanjani, wanaume wakakaa mbele yake, wanawake nyuma yake, wakiiona picha kwa upande wa pili. Huko nyuma Johari alimkariri mwanamke wa kwenye picha: nyusi nyembamba, wanja mrefu, na kidoti cheusi shavu la kulia.

Siku ya tatu baada ya sinema, mchana, alijifungia chumbani akaziba dirisha kwa gunia, maana vijana wa chama walikuwa wakiwakamata wasichana waliojipaka rangi. Akawasha koroboi, akashika kioo. Masizi ya taa yakawa wanja, na karatasi nyekundu iliyoloweshwa mate ikawa rangi ya mdomo. Mwisho akajiwekea kidoti, shavu la kulia.

Hapo akasikia mashine ya sinema, ile tiki-tiki-tiki ya mkanda, na gari lilikwisha kwenda Kiomboi tangu juzi. Koroboi ikazimika. Gizani, karibu kabisa na sikio lake, mwanamke akasema taratibu, "Mwenzangu, ulinitazama kwa nyuma ya shuka. Kidoti changu kiko kushoto."

Kidole cha baridi kikamgusa shavu.

Mama yake alipogonga na kufunguliwa, hakukuta mtu mwingine. "Umejipaka nini, mwanangu?"

Johari akanawa kwa sabuni. Wanja ukatoka, wekundu ukatoka, kidoti cha kulia kikatoka.

Cha kushoto anacho hadi leo. Nilikigusa mwenyewe mwezi uliopita, na kidole changu kikatoka na masizi mabichi.