Pumzi ya Ng'ombe wa Anjelika

Kaka yangu Isidori alisomea udaktari wa mifugo kwenye chuo kidogo cha mtu binafsi pale Songea, miaka ile ya tisini watu walipoanza kuruhusiwa kufungua vyuo vyao. Aliyonisimulia ni haya.

Asubuhi moja mwalimu wao wa anatomia, Polikarp, aliwapeleka kijiji cha Lusewa kutafuta ng'ombe wa mafunzo. Kununua hakutaka. Wakamkuta mjane, Anjelika, na ng'ombe wake mmoja anayenyonyesha. Polikarp akatangaza kuwa ng'ombe huyo ana homa ya mapafu, lazima aondolewe asije akaambukiza kijiji kizima. Mama wa watu akapiga magoti, akamsihi aweke japo kipimo cha kusikilizia kifuani mwa ng'ombe. Polikarp hakukitoa hata mfukoni.

Mama akainuka, akafungua kamba mwenyewe.

"Mchukue," alisema. "Ugonjwa ulioutaja utauona."

Kesho yake, mchana kweupe, walimchinja wakampasua mbavu. Mapafu yalikuwa safi, ya waridi, mepesi kama sifongo. Polikarp akacheka. Akawaonyesha mirija ya hewa inavyogawanyika, akayakata, akayaweka mezani.

Mapafu yakavuta pumzi.

Mara moja. Polepole. Yakajaa, yakashuka.

Wanafunzi wakarudi nyuma hadi ukutani. Mwalimu akasema ni hewa tu iliyobaki. Kisha akakohoa.

Hakuacha tena kukohoa. Alipolazwa, madaktari walimtoboa ubavuni, yakatoka maji ya njano. Isidori aliyafahamu, darasani walifundishwa kuwa ndiyo yanayojaa kifuani mwa ng'ombe mwenye homa ya mapafu. Polikarp akamwomba amsikilize. Isidori akaweka kipimo. Hakusikia pumzi. Alisikia ng'ombe akilia, mbali, kama anayemwita ndama.

Anjelika alikuja saa ya kutazama wagonjwa. Isidori akamwamkia shikamoo, hakuitikia. Polikarp akamshika upindo wa kitenge.

"Mama, nisamehe."

Mama akamwinamia sikioni. "Ndama amekufa jana kwa njaa," alinong'ona. "Mwombe yeye."

Mama hajafika getini, mwalimu akakata roho.

Wanaume wa jumuiya ya kanisani ndio waliouosha mwili, Isidori akiwamo. Walipomgeuza, mikono ikasimama. Pajani palikuwa na chapa ya moto, ile wanayopigwa ng'ombe. Kovu lilikuwa kuukuu, limekauka, kama la miaka mingi.

Mkewe, Benigna, aliitwa. Akalipapasa kovu kwa kidole. Akasema mumewe hakuwahi kuungua popote.