Mchanga wa Shimo la Tatu

Fimbo iligundulika haipo Jumamosi asubuhi, wachezaji wa Ruangwa walipokwisha kushuka garini kwenye uwanja wa gofu wa Nachingwea. Mkoba ulikuwa stoo, kufuli zima, na fimbo nyingine zote zimo. Iliyokosekana ni ile mpya ambayo Rogath, muuzaji kutoka Dar es Salaam, aliinadi wiki nzima: ina skrubu shingoni, ukiizungusha kutoka namba tisa hadi kumi na mbili, uso wa fimbo unalala nyuma na mpira unapaa zaidi.

"Funguo anazo huyu," Rogath alisema, akimnyooshea kidole mzee Shaibu, mtunza uwanja. "Afande, unangoja nini?"

Sajenti Mwantumu alikuwa akimtazama Rogath miguuni. Viatu vyake vyeupe vilikuwa na weusi ukingoni. Mwenyekiti wa klabu alikwisha kutamka: fimbo isipopatikana kabla ya mchezo, Shaibu analala rumande, na kazi basi.

Mwantumu aliwahoji mmoja mmoja. Shaibu alieleza kwamba jana alasiri alisawazisha mchanga wa mashimo yote. Jioni Rogath akamletea mkoba, naye akaufungia stoo bila kuufungua. Rogath alikubali, akaongeza kwamba tangu afike hajakanyaga uwanjani. Kisha akamtaja Ildefonsi, nahodha wa Ruangwa, aliyeapa kuiaibisha fimbo hiyo.

"Niliapa, ndiyo," Ildefonsi alisema. "Leo tuipige kwa tisa, halafu kwa kumi na mbili, watu waone. Sasa nikiiiba, hiyo aibu nitaionyesha kwa kutumia nini, afande? Kwa mwiko wa ugali?"

Jana yote alikuwa harusini Likunja, na wenzake walikuwa naye.

Mwantumu akaingia uwanjani na Shaibu. Hapo mashimo hayana majani. Kila moja limezungukwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu usipeperuke. Kila anayemaliza kucheza huburuta ubao kuanzia shimoni, akizunguka kwenda nje, hata mchanga ukaonekana kama gamba la konokono. Shimo la kwanza lilikuwa hivyo. La pili hivyo. La tatu lilikuwa na mistari iliyonyooka, ukingo hadi ukingo.

"Nani huburuta namna hii?"

"Hapa hakuna," Shaibu alisema. "Hata Ruangwa hakuna."

Mwantumu alipiga magoti, akafukua. Fimbo ilikuwa chini ya mchanga.

Alirudi nayo mbele ya watu wote. Akaisimamisha juu ya kizingiti cha saruji, akachukua ufunguo mdogo wa skrubu kwenye mkoba wa Rogath, akazungusha skrubu kutoka tisa hadi kumi na mbili. Wote waliinama kutazama. Namba ilizunguka. Uso wa fimbo haukusogea hata unywele.

"Uliizika mwenyewe jana, ndipo ukapeleka mkoba," alimwambia Rogath. "Huo weusi wa viatu ni oili ya uwanja unaosema hujaukanyaga. Na ubao uliuburuta kama mgeni."

Rogath alitazama viatu vyake. "Nusu ya klabu wameshaagiza," alisema. "Ikipigwa mbele yao, nani atachukua? Ikiibwa, sifa inabaki."

"Na mzee wa watu anakwenda jela."

Mwantumu alimshika Rogath mkono, akamwongoza kwenye gari la polisi.

Mwenyekiti alianza kusema jambo kuhusu kutoelewana. Shaibu alimpita, akauchukua ubao wake.

"Mchezo usianze," alisema, "mpaka nimalize la tatu."

Klabu mbili nzima zikasimama juani kumngoja, naye akaanzia shimoni, akizunguka kwenda nje.