Jitu la Ukunguni

Kila asubuhi kabla ya shule, Tamar Tyson aliwapandisha kondoo wa baba yake mlimani, kisha akateremka mbio, viatu vyake vya mbao vikigonga mawe. Mwalimu Jopson hakuwa na simile na wachelewaji.

Wiki ile kijiji kilijiandaa kwa sikukuu ya matete, siku ambayo watoto hutandaza matete mapya kwenye sakafu ya kanisa na kupewa mkate wa tangawizi. Mwaka ule mwalimu aliongeza jambo: shairi bora kuhusu milima lingesomwa kanisani na aliyelitunga.

Tamar alikuwa nalo. Asubuhi moja ukungu ulijaa bondeni chini yake, na humo akaona jitu jeusi, refu kuliko mnara wa kanisa, kichwa kimezungukwa na duara la rangi za upinde wa mvua. Aliogopa sana. Hofu ile aliigeuza beti tatu kwenye kibao chake. Lakini mwandiko wake ulikuwa kama nyayo za kuku, hivyo alimwomba Dinah Benson, binti wa mwenye duka, amnakilie kwenye karatasi na kumpelekea mwalimu. Walikuwa chanda na pete. Somo la hesabu lilipoanza, Tamar alikifuta kibao kwa mkono wa gauni.

Jumatatu mwalimu alitangaza mshindi: Dinah Benson, kwa shairi la jitu la ukunguni.

Tamar alimtazama Dinah. Dinah alitazama dirishani. Mwizi angekuwa adui, Tamar asingeumia vile. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

"Lile ni langu, Mwalimu," alisema, akisimama.

"Ushahidi uko wapi?" Dinah alidakia. "Huyu hata jina lake halisomeki akiliandika."

Darasa lilicheka. Kicheko kile kilimchoma Tamar kuliko wizi wenyewe.

Mwalimu, ambaye naye alichunga kondoo utotoni, aliichukua karatasi ya shairi. Kisha alimwuliza Dinah jua lilikuwa wapi alipoliona jitu.

"Mbele yangu, Mwalimu. Lilinipiga machoni."

"Na wewe, Tamar?"

"Mgongoni. Nikainua fimbo nijikinge, nalo likainua fimbo. Ndipo nikajua ni kivuli changu. Ila sikuacha kuogopa."

"Ndivyo lilivyo," mwalimu alisema taratibu. "Lilinikimbiza hadi nyumbani nikiwa na miaka tisa. Dinah, jua likiwa mbele yako, kivuli chako hukioni."

Dinah aliangua kilio. Alikiri kwamba alitaka baba yake asikie jina lake likitajwa kanisani, hata mara moja tu.

"Maneno hunakiliwa," mwalimu alimwambia. "Hofu aliyoipata mwenzako mlimani hainakiliki. Na anayemwibia rafiki hupoteza viwili kwa mpigo: heshima yake na rafiki yake. Sasa kaa, uliandike upya kwa jina la Tamar."

"Hapana, Mwalimu," Tamar alisema. "Nitaliandika mwenyewe."

Siku ya sikukuu alilisoma kutoka kwenye karatasi iliyojaa madoa ya wino, na kanisa zima likamsikiliza. Nje, Dinah alimkatia nusu ya mkate wake wa tangawizi, akamwomba msamaha. Tamar aliupokea mkate, akashukuru, wakala pamoja wakiegemea ukuta.

Dinah aliponyoosha mkono ili amshikie ile karatasi, Tamar aliikunja na kuitia mfukoni mwake.