Karibu Kuliko Nusu Mita

Haya yalimpata mdogo wangu, mpiga picha. Nayaandika mimi, dada yake, kwa sababu yeye siku hizi hataki hata kuyasikia, na kwa sababu miaka thelathini na moja ya kufundisha darasa la kwanza imenizoesha kueleza jambo hatua kwa hatua bila kumwacha mtu nyuma.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Jua lilikuwa limeingia chumba cha mbele, ambako mdogo wangu hupiga picha za vitambulisho. Mimi nilikuwa kwenye benchi la wateja nikisahihisha madaftari. Wifi yangu alikuwa amelitungua pazia jeupe linalowekwa nyuma ya wateja, akilipiga pasi. Binti yao wa miaka saba, ambaye tulimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kulala, alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wateja akibembeza miguu.

"Baba, hiyo kamera mbona umeuziwa haina pua?"

"Pua yake hii hapa," mdogo wangu akasema, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya soksi.

Ilikuwa lenzi ya marehemu kaka yetu mkubwa. Chuma na kioo, nzito kama jiwe, namba zake zimefifia kwa kushikwashikwa. Kamera yenyewe ilikuwa mpya kwake: ndogo, yaenea kiganjani, ya aina hii ya kisasa isiyo na kioo ndani. Kati ya viwili hivyo aliweka adapta, pete ya chuma ya kuunganisha cha zamani na cha leo. Alipoiwasha, kamera ikaandika kwamba haina lenzi. Akaingia kwenye mipangilio, akairuhusu ipige hivyohivyo.

"Inaamini ni kipofu," akacheka. "Lakini itaona."

"Kama wewe unapotafuta soksi kabatini," wifi akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye pasi.

Tulicheka sote. Naikumbuka sana ile asubuhi, kwa kuwa ndiyo mara ya mwisho, kabla ya haya yote, nilipomsikia Chiriku akicheka mpaka kuishiwa pumzi.

Naomba nieleze kifaa hicho, maana bila hivyo mengine hayaeleweki. Lenzi za siku hizi hujitafutia zenyewe ukali wa picha. Za zamani hazijui kitu. Ni lazima uzungushe pete yake kwa mkono. Mkono wa kushoto ndio unaobeba uzito, chini ya lenzi, na vidole vyake viwili ndivyo vinavyozungusha. Wa kulia unabonyeza tu. Ili kumsaidia mpiga picha, kamera huchora kwenye skrini mistari miembamba myekundu juu ya kila kilichokaa sawasawa: nyusi, ukosi wa shati, ukingo wa kikombe. Kisichowekewa mistari bado kina ukungu. Na kwenye pete zimechongwa namba za umbali: mita kumi, tano, tatu, mbili, moja, na mwisho nusu. Ukipita nusu, pete inagoma. Aliye karibu kuliko hapo, lenzi haiwezi kumwona.

Chiriku alikuwa mita mbili kutoka kwa baba yake. Mdogo wangu alianza mbali, kama kaka alivyomfundisha, akawa anaivuta pete karibu taratibu. Ilipofika tano, mistari myekundu ikawaka nyuma ya mtoto, kwenye mlango wa chumba cha nyuma uliokuwa wazi.

Ilichora bega. Ikachora shingo. Ikachora mviringo wa kichwa.

Akashusha kamera. Mlangoni hapakuwa na mtu.

"Adapta mbovu," akasema. "Imezidi unene kidogo."

Mtu mwingine angekimbia. Mdogo wangu alichukua msasa. Kwake yeye, ukali wa picha ukitua pasipo na kitu, kosa ni la chuma, nalo hurekebishwa. Jioni ile aliisugua adapta kwa unene wa karatasi, akaifunga tena. Kesho yake yule mtu wa mistari akawaka mita nne. Akasugua. Mita tatu. Akafurahi, maskini! Aliona kosa linapungua, ukali unasogea mahali pake, anapokaa mtoto. Hakuwaza kwamba kinachosogea huenda kina miguu.

Jumanne alinipigia simu shuleni.

"Dada, ukitoka pita hapa. Usimwambie wifi yako."

Nilimkuta amekaa chini, mgongo ukutani.  Alinipa kamera, akanionyesha pa kushika. Chiriku alikuwa kwenye kigoda akichora. Nikazungusha.

Mita mbili na robo. Vidole. Vitano, vyekundu, vimening'inia juu ya bega la mtoto, havijaligusa.

Nikaangalia kwa macho yangu. Chiriku, kalamu, ukuta.

Sasa lazima niseme habari ya kaka. Yeye ndiye aliyetulea baada ya wazazi, kwa lenzi ile ile. Ugonjwa ulipomlaza katika chumba cha nyuma, miezi minne, hakuomba uji wala dawa. Aliomba lenzi yake aishike tu. Vidole vyake vilikuwa vikizunguka hewani juu ya shuka, vikitafuta pete. Lakini lenzi haikuwepo rafuni juu ya kitanda chake, mahali pake pa siku zote. Mdogo wangu alikuwa ameichukua na kuificha, akihofia kwamba ndugu wa ukoo wangeibeba siku ya msiba. Kaka akaambiwa iko kwa fundi, inasafishwa. Kila siku akauliza. Kila siku akaambiwa kesho. Alikufa Alhamisi, mkono wa kushoto umekunjwa kama unaobeba kitu.

"Ni yeye," mdogo wangu akaninong'oneza. "Ile shingo ni yake."

"Basi iondoe hiyo lenzi."

"Niliiondoa jana. Niliweka ile inayojitafutia yenyewe." Akageuka kumtazama Chiriku. "Unajua huwa inaweka kisanduku kwenye uso wa mtu. Haikukiweka kwa mtoto, dada. Ilikiweka pembeni yake. Juu kidogo. Na haikunionyesha ni umbali gani." Akaipangusa lenzi ya kaka kwa ncha ya shati. "Kwa hii angalau najua yuko wapi."

Kuanzia siku hiyo alikuwa akipima kila asubuhi, kama mtu anayepima joto la mgonjwa. Na Chiriku akaacha kuongea. Si kwa hasira, si kwa ugonjwa. Alikaa kimya, kichwa amekiinamisha upande, kama mtoto anayesikiliza mwalimu aliyesimama nyuma yake. Alikataa kula. Alhamisi nilimkalisha mapajani, nikamuuliza polepole kama ninavyowauliza watoto wangu wote, bila kumtisha.

"Chiriku, mama, nani anakusemesha?"

Akaweka mdomo sikioni mwangu.

"Baba mkubwa. Anauliza kitu chake kiko wapi."

"Nawe unamjibu nini?"

"Namwambia kesho."

Nilimshusha. Nikamwendea baba yake.

Ijumaa mchana tulimtuma wifi ampeleke mtoto zahanati, kwa kuwa alikuwa hajala siku mbili. Wifi alitutazama mmoja mmoja mlangoni.

"Mnanificha kitu nyie wawili. Na huyu akizidiwa, nitawauliza nyie, sitamuuliza Mungu."

Walipoondoka, mdogo wangu akafunga mlango wa mbele kwa komeo. Akakaa kwenye kigoda cha mtoto. Mtu mzima, magoti yamefika kifuani.

"Shika wewe kamera, dada. Mimi ndiye niliyechukua. Anichukue mimi, amwache mtoto."

"Siwezi kutumia hii."

"Utaweza. Bana viwiko mbavuni. Pumua, toa pumzi, ndipo uzungushe. Usibonyeze kitu. Wewe nitajie namba tu."

Mimi niliyeshika mikono ya mamia ya watoto wakijifunza kuandika, siku ile nilitafuta pa kushika kama aliyepewa kalamu mara ya kwanza. Nikabana viwiko. Nikazungusha.

"Mbili na robo hakuna," nikasema. "Mbili. Ni wewe. Nyusi zako."

"Endelea kunitazama." Akafumba macho, akainua sauti. "Kaka. Nimekuja kusema. Ni mimi niliyeitoa rafuni. Haikuwa kwa fundi. Ilikuwa kwenye sanduku langu, chini ya nguo. Nilikuwa nakusikia ukiitafuta. Nisamehe, na kama husamehi, nipige mimi. Mtoto hana kosa."

 Nje mtu alipita akiburuta kandambili.

Mistari ikawaka nyuma ya mdogo wangu. Mabega mawili. Kichwa kikainama juu ya kichwa chake. Mikono ikashuka pande zote mbili za uso wake, ikakaa hapo, kama ya mtu anayemweka mteja kidevu sawa kabla ya kupiga.

"Yuko wapi?" mdogo wangu akanong'ona.

"Kwako."

Machozi yakamtoka chini ya kope zilizofumbwa. Hakujitetea. Nilisubiri kuona shingo ya ndugu yangu ikivunjika.

Mikono ikamwachia.

Mistari ikazimika. Nikazungusha kwenda mbali, nikimtafuta. Tatu, hakuna. Tano, hakuna. Mlango, mtupu. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha, kwa kutaka uhakika tu, nikarudisha pete karibu.

Moja na nusu.

Kifua. Vifungo vya ile pajama aliyokufa ameivaa, tuliyomvua kabla ya kumvika sanda.

Moja.

Uso. Nilikuwa nimesahau jinsi ugonjwa ulivyommaliza mashavu. Hakuwa akimtazama mdogo wangu. Alikuwa amempa mgongo.

Robo tatu. Sikuizungusha mimi. Naapa vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Pete ilizunguka yenyewe chini yake, laini, kama iliyozoea mkono mwingine.

Nusu. Jicho moja tu, limejaa skrini nzima, kila ukope na mstari wake.

Pete ikagoma.

Jicho likapoteza ukali. Likawa ukungu. Halikuondoka; lilikuja karibu kuliko lenzi inavyoweza kuona. Kidole changu kikabonyeza. Nikasikia kamera ikipiga.

"Dada? Ameondoka?"

Mdogo wangu alikuwa amefumbua macho, anatazama huku na huku, uso umemlegea kwa nafuu.

"Ameondoka," nikamwambia.

Nilisema kwa sauti yangu nzuri, ile tulivu. Ilimtosha. Akalia kama mtoto, akacheka, akaufungua mlango. Alasiri Chiriku alirudi kutoka zahanati akisimulia habari za nesi mwenye pengo, akaomba mkate, akaomba tena. Wifi hakuuliza. Mdogo wangu alijaribu kamera siku iliyofuata na siku iliyofuata hiyo, na mistari myekundu haikuwaka tena pasipo na kitu. Mpaka leo anaamini alisamehewa kwa kuwa alisema kweli. Na huenda ndivyo.

Mimi niliiondoa kadi ya kamera jioni ile kabla hajaitazama. Nikaifungua shuleni, peke yangu, kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu, Jumatatu wenzangu wakiwa madarasani.

Kulikuwa na picha moja.

Si jicho. Si chumba cha mbele. Imepigwa chumba cha nyuma, kutoka chini, usawa wa mto wa kitandani. Mbele kuna mkunjo wa shuka. Juu, mkono wa mwanamume unachukua kitu rafuni. Kamera ile ilinunuliwa miaka mitatu baada ya kaka kufa. Na siku ambayo mkono ule uliingia rafuni, yeye alikuwa amelala, au sisi tulidhani amelala.

Mkono wa mdogo wangu una ukungu. Rafu ina ukungu. Kilichokaa sawasawa ni mlango, na mwanamke aliyesimama mlangoni ameshika bakuli la uji, ametazama yote, hakufungua mdomo. Unaweza kuhesabu nyuzi za khanga yangu.

Mimi ndiye niliyemjibu. Baada ya siku ile mdogo wangu hakuwa na ujasiri wa kuingia tena chumba kile. Mimi niliingia asubuhi na jioni, miezi minne, nikamfuta jasho, nikamwambia kwa upole, kama ninavyomwambia mtoto wa darasa la kwanza anayemlilia mama yake: iko kwa fundi, kaka, kesho italetwa. Nilijua vizuri iko sanduku gani.

Nimeifuta picha ile mara tatu. Kadi naibeba kwenye mkoba, na kila nikiifungua imo. Lakini sikuanza kuandika kwa sababu hiyo. Nimeandika kwa sababu ya macho yangu. Daktari ameyapima, hakuona kasoro. Vya mbali naviona. Ubao nauona, watoto wa dawati la mwisho nawaona, na hata majina yaliyoandikwa kwenye sare zao nayasoma. Ila kitu kikija karibu kuliko nusu mita, siwezi kukiona. Kila asubuhi nikiamka, mbele ya uso wangu kuna ukungu wa rangi ya ngozi, na una joto.