Mapipa Kumi na Mawili ya Anisi

Simu iliita mara moja tu.

"Shangazi anakohoa," sauti ya mkuu wake ilisema.

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Saa mbili kamili asubuhi wanampa dawa."

Ikakatika.

Msumari alitazama saa yake ya Casio. Saa moja na dakika kumi na mbili. Maneno yale yalikuwa na maana moja: sumu imeingia kwenye kiwanda cha dawa ya watoto, na saa mbili mitambo inaanza kuchanganya. Aliacha chai ikifuka moshi mezani. Akachukua Glock yake, akawasha pikipiki.

Msumari halikuwa jina alilopewa na mama yake. Wenzake walimwita hivyo kwa sababu ukimgonga kichwani, ndiyo kwanza anazidi kuingia.

Getini alisimama mlinzi. Sare ilikuwa mpya, mikunjo ya dukani bado iko mgongoni, na chini alivaa viatu vya ngozi vya bei kubwa. Mlinzi gani huyo?

"Unamtaka nani, kaka?"

Aliuliza huku mkono ukienda kiunoni. Hilo ndilo kosa lake. Msumari alimpiga helmeti ya uso. Meno mawili yalidondoka kwenye saruji, na mwenye meno akayafuata.

Ndani kulinukia tamu. Ile harufu ya anisi, ya peremende na dawa ya kikohozi, inayomfanya mtoto afungue mdomo bila kushikwa pua. Msumari aliifuata hadi chumba cha baridi. Akasikia mtu akiguna. Akapiga mlango teke.

Mwanamke wa makamo alikuwa amefungwa kitini. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilielekea kusikokuwa kwa kawaida. Midomo ilicheza kwa dua. Mbele yake jitu moja lilishika koleo.

Jitu liligeuka na kurusha koleo. Likampata Msumari ubavuni. Kitu kikalia *ka!* ndani yake. Msumari hakusimama kujipima. Alilikamata jitu shingoni, akaligonga kichwa kwenye rafu ya chuma. Mara moja. Mara mbili.

Ya tatu haikuhitajika.

"Shikamoo, mama," alisema, akikata kamba.

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

Huyo ndiye Mama Stoo, aliyempigia mkuu wa Msumari simu jana kumtonya. Hakuna pipa linalotoka stoo bila saini yake, ndiyo maana walimvunja vidole vya kushoto wakamwachia vya kuandikia.

"Mapipa kumi na mawili," alisema, akikumbatia mkono wake na kuonyesha kwa kidevu mstari wa mapipa chumbani humo. "Tisa ni mafuta ya anisi halali. Matatu wameleta wao, lebo zilezile, harufu ileile. Lakini ndani ni sumu."

Msumari alinusa moja, akanusa la pili. Yalinukia sawasawa. Akabonyeza redio.

"Siwezi kuyatofautisha."

"Choma stoo nzima," mkuu wake alijibu redioni.

"Hachomi mtu!" Mama Stoo alifoka. "Dawa wodini imeisha. Mjukuu wangu yuko huko, anakohoa tangu Jumapili. Bila haya mafuta watoto wanaitema ile dawa, chungu kama shubiri. Na mafuta yenyewe hayana neno, yakiwa kidogo. Ukijimwagia yanawasha, ukinywa kikombe utaumwa. Kwani chumvi si hivyohivyo?"

"Sasa tutajuaje, mama? Mkemia yuko wapi?"

"Wamemfungia chooni. Sikiliza. Jana jioni nilipoyatilia shaka, niliongeza baridi. Tukifungua tu vifuniko, tuta..."

Mlango ulifunguka.

Mgeni mwenye suti ya kijivu alisimama pale na bunduki aina ya Uzi. Ndiye aliyeleta yale mapipa matatu.

"Msumari! Nilidhani walishakupigilia ukutani."

"Nyundo yenu ilivunjika mpini."

Mgeni alifyatua.

Msumari alimvuta Mama Stoo nyuma ya mapipa. Risasi zilipita mstari mzima, kutoka kushoto hadi kulia, pipa baada ya pipa. Chuma kililia. Msumari alifumba macho akisubiri kuoga sumu.

Kimya. Uzi imeishiwa risasi.

Mapipa yote yalikuwa na matundu.

Matatu tu yalivuja.

Mama Stoo alicheka, machozi ya maumivu yakimtoka. "Umeona? Mafuta ya anisi huganda kwenye baridi kama mafuta ya nazi. Sisi huyaanika juani kwanza ndipo yamiminike. Mshenzi huyu hakulijua hilo. Mungu si Athumani!"

Mgeni alitoa kisu na kuruka. Msumari alimdaka kifundo cha mkono, akakizungusha hadi mfupa ukakubali. Mgeni alipiga ukelele, akarudi nyuma, kiatu kikakanyaga dimbwi linalonukia tamu. Akaanguka kifudifudi. Mdomo ulikuwa bado wazi kwa ukelele wake.

Akameza.

Alijua alichomeza. Macho yalisema. Alijikuna koo hadi damu ikatoka, akapiga teke hewani mara tano, sita. Kisha akatulia. Sumu aliyowaandalia watoto wa wenzake ilimkuta yeye.

Msumari alimfungulia mkemia. Mkemia akatoa maagizo: yale tisa yayeyushwe, yachujwe, kila ndoo ipimwe. Saa nane mchana chupa ya kwanza itafika wodini.

Mama Stoo alichukua chaki kwa mkono mzima. Akachora msalaba kwenye mapipa matatu, polepole, kama anayefunga kaburi.

Redio ilikoroma. "Shangazi vipi?"

"Kikohozi kimepona," Msumari alijibu, akielekea mlangoni, mkono ubavuni.

"Mwanangu!" Mama Stoo aliita. "Jina lako nani, nikuombee?"

"Mungu ananijua, mama."

"Haya. Basi funga mlango, baridi yangu inatoka."

Akaufunga.