Kitone cha Kijani kwenye Picha ya Baba

Kila siku baada ya shule, Kidoti alipitia chumba cha mbele ambako mama yake alishona nguo za wateja. Alivua viatu, akapiga magoti na kuanza kuokota pini zilizodondoka sakafuni. Aliitwa Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi iliyokuwa chini ya jicho lake la kushoto. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi ya pini ilikuwa yake tangu siku aliyoweza kuziokota bila kuzimeza, kama baba yake alivyopenda kusema.

Dada yake mkubwa alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea shahada ya usalama wa mitandao. Jirani yao muuza matunda hakuyaelewa masomo hayo hata kidogo.

"Huyu binti yako akimaliza watampa na rungu?" alimuuliza mama. "Maana walinzi wote ninaowajua mimi hawakupita chuo."

"Mimi nitalinda milango isiyoonekana," dada alimjibu.

"Basi na mwizi akiingia hutamwona," jirani akasema, akajitwisha kapu lake na kwenda zake.

Siku zisizo na vipindi, dada alifungua kompyuta yake mpakato pembeni mwa meza ya kukatia vitambaa. Alimweleza Kidoti kwamba kompyuta huandika zenyewe kumbukumbu za kila anayeingia, saa ngapi na kutoka wapi. Kusoma kumbukumbu hizo ndilo somo alilolipenda kuliko yote. "Mhadhiri wetu anasema usimtaje mtu kabla hujapata ushahidi," alisema. "Ukianza na jina, kila kitu utakachokiona kitafanana na jina hilo."

Baba yao alikuwa fundi redio. Alifariki ghafla, miezi saba iliyopita. Simu yake ilizimwa siku ya mazishi, ikawekwa kwenye droo ya mama, na hakuna aliyeigusa tena. Lakini kwenye kundi la familia mtandaoni picha yake ilibaki palepale. Alikuwa ameshika redio iliyofunguliwa mgongo, akicheka.

Jumamosi moja asubuhi, mama alichukua simu yake kutafuta vipimo vya mteja. Akaacha kutafuta, akaisogeza simu karibu na macho. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba yenu yupo."

Dada aliinuka, akachungulia simu. Kando ya picha ya baba palikuwa na kitone cha kijani, kile kinachoonyesha kwamba mtu yuko hewani. Wote watatu walikitazama. Baada ya dakika chache kikazimika.

Kesho yake mchana ujumbe uliingia kwenye kundi. Ulikuwa wa neno moja tu. "Hamjambo?"

Shangazi, dada yake baba, alikuwa wa kwanza kujibu. "Kaka, ni wewe?"

"Ni mimi," akajibiwa. "Nimewakumbuka."

Tangu saa ile nyumba ilibadilika. Cherehani ilinyamaza. Mama aliweka simu mezani, uso juu, akaketi mbele yake kama mtu anayesubiri mgeni. Wateja walikuja, wakaambiwa nguo hazijawa tayari.

"Mama, huyo si baba," dada alisema.

"Najua si yeye," mama alisema. "Hebu niache kidogo."

Kidoti hakula chakula cha mchana. Kila alipofumba macho, kitone kile kilikuwa kinamsubiri ndani ya giza. Jumatatu shuleni, mwalimu alipoweka nukta ubaoni, moyo ulimruka. Lakini hofu yake haikuwa kama ya wengine, kwa sababu kulikuwa na jambo alilolijua peke yake.

Kwa miezi mitatu, wakati wa mapumziko, alikuwa akitoka kwenda duka la intaneti mtaa wa nyuma ya shule, ingawa mama alikuwa amemkataza kukanyaga pale. Alikuwa akiingia kwenye akaunti ya baba. Neno la siri alilijua, kwani baba mwenyewe alimwambia alitunze: lilikuwa jina la utani la Kidoti mwenyewe pamoja na mwaka aliozaliwa. Aliweka vidude vya kusikilizia masikioni, akasikiliza jumbe za sauti ambazo baba aliwahi kuwatumia watu. Nyingi hazikuwa na maana yoyote. "Nimefika." "Mwambie mama yako spika imepatikana." Alizisikiliza hata hivyo, moja baada ya nyingine, na kwa kuwa alikaa dakika chache tu, hakuna aliyewahi kukiona kitone.

Mara ya mwisho kengele ya shule ililia ghafla. Kompyuta ilikuwa imemuuliza kama ikumbuke neno la siri, naye akabonyeza ndiyo ili asichelewe siku nyingine. Akatoka mbio bila kuifunga akaunti.

Kwa hiyo alijua mlango umebaki wazi. Lakini kuna sehemu ya moyo wake iliyouliza, je, kama ni baba kweli aliyepita kwenye mlango huo? Swali hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwa sababu hakutaka lijibiwe.

Alasiri ya Jumatatu hiyo, siku ya tatu tangu kitone kionekane, dada aliitoa simu ya baba kwenye droo, akaichaji na kuiwasha. Akaunti ilikuwa bado imefunguliwa humo. Alitafuta orodha ya vifaa vinavyoitumia, akakuta viwili. Kimoja kilikuwa simu hiyo. Cha pili kilikuwa kompyuta, mtaa wa nyuma ya shule.

"Huko ndiko kwenye duka la Waya," mama alisema.

Waya alikuwa fundi mwenzake baba. Walikaa meza moja miaka tisa. Aliitwa hivyo kwa wembamba wake na kwa sababu mifuko yake haikukosa vipande vya waya.

"Ndiye aliyekuwa karibu na simu ya baba kila siku," dada alisema taratibu. "Sioni mwingine."

Mama alijifunga mtandio, akaondoka. Kidoti alimfuata nyuma. Dukani kulikuwa na wateja wawili. Mama hakupaza sauti. Alisema tu, "Nimekuja kuchukua sanduku la vifaa vya mume wangu. Mtu anayemchezea marehemu hastahili kulishika."

Waya alimtazama bila kuelewa. Kisha akapangusa sanduku lile kwa kiganja, akalikabidhi. Wateja waliangaliana. Mmoja wao akachukua redio yake iliyokuwa juu ya meza, akaondoka nayo.

Waliporudi nyumbani, dada alikuwa kwenye simu na shangazi, jasho likimtoka usoni. "Shangazi, usitume. Nakuomba."

"Kaka yangu ameniomba picha ya kitambulisho, pande zote mbili," sauti ya shangazi ilisikika. "Wewe mtoto wa juzi utanifundisha mimi kumjua kaka yangu? Naenda kutafuta pa kupigia picha penye mwanga." Akakata.

Dada aligeuka. "Huyo mtu ameomba vitambulisho vya watu wote kwenye kundi. Akivipata anaweza kusajili laini za simu kwa majina yetu na kutapeli watu wengine. Naweza kumtoa sasa hivi kupitia simu hii ya baba, lakini mfumo unataka neno la siri. Mama, unalijua?"

Mama alitikisa kichwa.

Kidoti alisimama mlangoni. Alimkumbuka Waya akipangusa lile sanduku.

"Mimi nalijua," alisema.

Akawaambia yote, kuhusu duka la intaneti, sauti za baba na kengele. Alipofika pale alipobonyeza ndiyo, machozi yalimzidi, lakini hakuacha kusema. "Si Waya. Ni mimi niliyeacha wazi."

Dada hakumgombeza. Alimsogezea simu. "Andika."

Kidoti aliandika jina lake la utani na mwaka aliozaliwa. Kwenye orodha, kifaa cha pili kikatoweka. Dada akabadilisha neno la siri, kisha akampigia shangazi tena na kumpa mama simu azungumze naye. Ilikuwa imebaki dakika chache tu picha zitumwe. Walimsikia shangazi akilia, kama mtu aliyefiwa mara ya pili.

Siku hiyohiyo dada alikwenda duka la intaneti, akapiga picha skrini ya kompyuta ile na daftari la wateja, akapeleka taarifa polisi. Kwenye daftari, mtu aliyekaa pale baada ya Kidoti aliandika jina ambalo hakuna aliyelifahamu. Hakupatikana. Kwa wiki nyingi Kidoti aliwatazama watu barabarani akijiuliza ni yupi kati yao aliyesema "Ni mimi."

"Na mimi nimekosa," dada alimwambia mama jioni. "Nilikatazwa kuanza na jina, nikaanza na jina. Mtaa mzima una maduka, nikaliona moja."

Asubuhi iliyofuata wote watatu walikwenda kwa Waya. Mama alilirudisha sanduku mezani mbele ya watu waliokuwepo, akaeleza habari ya mwizi na vitambulisho, akaomba radhi kwa sauti ileile aliyomshtaki nayo. Kisha akamsukuma Kidoti mbele kidogo.

"Shikamoo," Kidoti alisema. "Ni mimi niliyeacha akaunti ya baba wazi. Nilijua, nikanyamaza siku tatu, hadi jana. Naomba unisamehe."

"Marahaba." Waya aliweka chini chombo cha kulehemu. Alitoa kipande cha waya mfukoni, akakizungusha kidoleni. "Unajua, mimi nilikiona kile kitone," alisema hatimaye. "Nikamwandikia baba yako. Mzee mzima, nikamuuliza ile redio ya mwalimu mkuu aliifunga vipi, maana imenishinda."

"Akajibu?" Kidoti aliuliza.

"Hakujibu. Ningejibiwa, hata mimi ningetuma kitambulisho." Alijipangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Kumtamani baba yako si kosa, mwanangu. Hata kuacha mlango wazi, kila mtu husahau. Kosa ni kuona mwizi ameshaingia ndani, ukanyamaza ili usiulizwe nani aliuacha wazi. Zile siku tatu zako ndizo alizozitumia yeye. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, sauti ikitetemeka itetemeke. Jana ulisema, na leo wateja wangu wamesikia kwamba mwizi si mimi."

Akamsogezea kiti, akalivuta sanduku, akalifungua na kuanza kumwonyesha vifaa vya baba yake, kimoja kimoja.